Ukimvua mfalme joho, anabaki nani?

Hebu nianze na kichekesho. Mwaka 1840 mwandishi mmoja wa Uingereza, William Makepeace Thackeray, alichora vikatuni vitatu akavipanga pamoja. Cha kwanza ni nguo zilizosimama zenyewe: wigi kubwa, joho refu, viatu vya visigino virefu. Ndani hamna mtu. Cha pili ni kizee kifupi chenye upara na kitambi, kimesimama kama kimepotea njia. Cha tatu ni kile kizee kimevalishwa zile nguo. Na hapo ndipo unamtambua: Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, yule aliyejifananisha na jua.

Thackeray alivipa na majina kwa Kilatini. Cha kwanza kinaitwa Mfalme, cha pili Louis, cha tatu Mfalme Louis. Yaani ufalme uko kwenye nguo, mtu ni mtu tu kama mimi na wewe, na ukivijumlisha hivyo viwili unampata yule anayekufanya upige goti.

Ni rahisi kumcheka mfalme aliyekwisha kufa miaka 125 kabla yako. Mimi kinachonisumbua ni kingine. Wale waliomchora akiwa hai, wakimtazama usoni, wakisubiri malipo kutoka mfukoni mwake, walifanyaje? Walisema nini kwa rangi zao wakati walijua fika kwamba ndani ya joho kuna kizee?

Najua kuna atakayeniuliza: wewe kijana wa Dar es Salaam na wafalme wa Ulaya wapi na wapi? Subirini, nitafika huko. Kwa sasa jueni tu kwamba mimi ni mwandishi wa habari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaonyesha wakubwa kwa watu ambao hawatakutana nao maisha yao yote. Hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya wachoraji wa wafalme katika kile kipindi kinachoitwa Baroko, kuanzia miaka ya 1600 hadi kuingia karne ya 18. Kamera hazikuwepo. Mtu wa kawaida alimjua mfalme wake kwa sarafu na kwa picha za kuchapwa. Mabalozi na wafalme wenzake walimjua kwa picha kubwa za rangi za mafuta ambazo zilinakiliwa na kusafirishwa kutoka kasri hadi kasri. Hata posa zilikwenda na picha. Ilikuwa ndiyo sura yake rasmi duniani, na aliyeshika brashi alikuwa ameshika kitu kizito.

Basi tuanze na huyo huyo Louis. Picha ambayo Thackeray alikuwa anaitania ilichorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, na leo iko kwenye makumbusho ya Louvre jijini Paris. Kimo chake ni karibu mita 2.8, kwa hiyo mfalme aliye ndani yake anakuzidi urefu hata kama wewe ni mcheza kikapu. Sasa hesabuni vitu. Joho la buluu lenye maua ya dhahabu, nembo ya wafalme wa Ufaransa, na ndani limewekwa manyoya meupe ya mnyama mdogo wa nchi za baridi, jamii ya kicheche. Taji limewekwa kwenye mto pembeni. Upanga wa kutawazia wafalme unaning'inia kiunoni. Fimbo ya enzi ameishika kichwa chini miguu juu, kaiegemea kama mzee wa mtaani anavyoegemea bakora yake. Nyuma kuna nguzo ya mawe, juu kuna pazia jekundu linalomiminika. Hakuna kitu hata kimoja pale kilichowekwa kwa bahati mbaya.

Halafu kuna miguu. Joho limefunuliwa upande mmoja makusudi ili tuone miguu ya mfalme ndani ya soksi nyeupe za hariri, na viatu vyenye visigino vyekundu. Kwa nini miguu? Kwa sababu Louis alikuwa mcheza dansi. Mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alipanda jukwaani mbele ya watu wa kasri lake akacheza kama Jua lenyewe. Zile nyayo zilizogawanyika kwenye picha, moja mbele moja pembeni, ni mkao wa dansi. Rigaud anatukumbusha kwamba huyu bwana alijifunza tangu utotoni jinsi ya kusimama akitazamwa.

Lakini pandisheni macho taratibu kutoka miguuni hadi usoni, mtaona jambo la ajabu. Miguu ni ya kijana. Uso ni wa mzee wa miaka 60 na ushee. Mashavu yameingia ndani, mdomo umebonyea, maana meno mengi ya juu yalishang'olewa miaka mingi nyuma. Rigaud hakuuficha uzee huo. Na nikisoma namna alivyofanya kazi nilijikuta nacheka peke yangu: kichwa cha mfalme kilichorwa kando, kwenye kipande kidogo cha turubai, halafu kikapachikwa kwenye turubai kubwa lenye joho na nguzo. Thackeray alidhani anatania kumbe anaeleza utaratibu wa karakana! Kweli nguo zilisimama zenyewe, zikisubiri kuwekewa kichwa.

Picha hiyo haikukusudiwa hata kubaki Ufaransa. Mwaka 1700 mfalme wa Uhispania alikufa bila mtoto, na katika wosia wake akaacha kiti cha enzi kwa mjukuu wa Louis, kijana aliyekwenda kutawala kwa jina la Philip wa Tano. Mjukuu alitaka picha ya babu aende nayo. Rigaud akaichora, babu akaiona, akaipenda mno akabaki nayo. Wakati huo huo Rigaud akamchora na mjukuu. Kijana wa miaka 17, Mfaransa kabisa, kavalishwa nguo nyeusi na kola ngumu ya Kihispania, kwa sababu kuanzia sasa yeye ni Mhispania. Mchoraji yule yule, mwaka ule ule. Mzee kavalishwa Ufaransa, kijana kavalishwa Uhispania. Nchi inavaliwa kama shati.

Na kitu ambacho hamtakiona kwenye picha ya Louis ni hiki: mwaka 1693 na 1694, miaka michache tu kabla, njaa iliua zaidi ya watu milioni moja katika nchi yake. Manyoya meupe hayana habari hiyo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa hawajaiona Louvre lakini walijua wanachosema.

Sasa twende Uingereza, maana huko kuna mfalme ambaye habari zake zinanitia huruma kila nikizisoma. Charles wa Kwanza alikuwa mtu mfupi, yasemekana hakuzidi sana sentimita 160, na alikuwa na kigugumizi. Hivyo vitu viwili si dhambi, lakini kwa mfalme aliyeamini kwamba amewekwa na Mungu na hapaswi kuulizwa na mtu yeyote, vilikuwa tatizo. Mwaka 1632 akampata Anthony van Dyck, mchoraji kutoka Antwerp, akampa cheo cha Sir mwaka huo huo. Na Van Dyck akalimaliza tatizo. Alimpandisha juu ya farasi.

Nimeiona mojawapo ya picha hizo kwa macho yangu. Nilikwenda London kwa mafunzo mafupi ya uandishi, na Jumapili moja isiyo na kazi nikaingia National Gallery. Kuingia ni bure, na ninyi mnatujua waandishi wa habari na vya bure. Nikageuka kona moja, nikakutana na farasi. Siyo picha ya farasi, jamani, farasi! Picha ina urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, na imechorwa kwa namna ambayo macho yako wewe mtazamaji yanakuwa usawa wa miguu ya mnyama. Mfalme yuko huko juu, kavaa deraya, anatazama mbali kabisa kana kwamba anaona kitu ambacho sisi wa huku chini hatutakiona kamwe. Nilimtazama mpaka shingo ikauma. Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho kwenye vitabu sikukielewa: ule ufalme haukuwa kwenye picha tu, ulikuwa kwenye shingo yangu. Mchoraji aliyekufa mwaka 1641 alikuwa ameniinamisha kichwa kinyumenyume, akanifanya raia wa mfalme ambaye simjui.

Tazameni pia mkono ulioshika hatamu. Haukuvuta, haukukaza. Farasi mkubwa namna ile, misuli imejaa, lakini mtu kamtuliza kwa mkono mmoja. Ujumbe wake hauhitaji mkalimani: anayemtawala mnyama huyu bila jasho, ataitawala na nchi bila jasho. Picha nyingine iko Louvre, ambamo Charles yuko mawindoni, kashuka kwenye farasi, mkono kiunoni, hana taji wala fimbo. Ni bwana mmoja tu kavaa kofia kubwa. Lakini farasi nyuma yake kainamisha kichwa, na matawi ya mti yametanda juu yake mfano wa mwavuli wa heshima. Van Dyck alikuwa fundi kiasi hicho. Alipomwondolea mfalme vitu vyote vya kifalme, akaiamuru miti na wanyama vimwonyeshe.

Na alikuwa anapendezesha kweli kweli. Kuna binti wa kifalme, Sophia, mpwa wa Charles, ambaye alikulia Uholanzi akiwa amezoea kumwona malkia Henrietta Maria, mke wa Charles, katika picha za Van Dyck. Akakaa akijua malkia huyo ni mzuri wa kupita kiasi. Siku alipokutana naye uso kwa uso alipigwa na butwaa, na baadaye akaandika katika kumbukumbu zake kwamba alimkuta mwanamke mdogo, mwenye mikono mirefu iliyokonda na meno yaliyochomoza nje. Mwanawe Sophia baadaye alikuja kuwa mfalme wa Uingereza, kwa hiyo huyu si mpiga umbea wa uani. Ni mtu wa ndani, anasema alichokiona.

Mwisho wa Charles mnaujua. Tangu 1629 alitawala miaka 11 bila kuita bunge. Mwaka 1642 vita ikazuka kati yake na bunge, akashindwa, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa hadharani, mbele ya ukumbi ambao dari lake mwenyewe alilipamba kwa michoro ya Rubens inayomtukuza baba yake. Serikali mpya ikauza mali zake, picha zikiwemo. Baadhi ya waliokuwa wakimdai walilipwa kwa michoro badala ya fedha, akiwemo fundi bomba wake! Fikirini, fundi bomba anarudi nyumbani, mke anamuuliza mshahara uko wapi, anaonyeshwa turubai.

Sisemi kwamba picha ndizo zilizomuua. Ila huwa najiuliza. Picha ya mfalme ina watazamaji wengi, lakini mtazamaji wake wa kwanza ni mfalme mwenyewe. Mtu akikaa miaka yote anajiona ukutani akiwa juu ya farasi asiyebisha, ataamini lini kwamba watu wanabisha? Farasi wa Van Dyck alitii. Waingereza hawakutii.

Haya, sasa nimefika kwenye lile swali la kijana wa Dar.

Niliwahi kufanya kazi kwenye gazeti moja, sitalitaja. Tukaandaa makala maalumu kuhusu mkubwa mmoja, yale makurasa ya pongezi mnayoyajua. Nilikuwa nimeongozana naye siku nzima vijijini, na katika picha nilizopiga kulikuwa na moja ambayo hadi leo naipenda. Jua kali, mheshimiwa kavua koti, kachuchumaa, anajifuta jasho kwa kitambaa, na mbele yake kuna bibi mmoja anamweleza habari za kisima kilichokauka. Anamsikiliza. Usoni unaona kabisa kwamba anamsikiliza, na kwamba anachosikia kinamuuma. Nilidhani nimemfanyia hisani. Nikampelekea mhariri.

"Mdogo wangu," akaniambia, "picha nzuri. Lakini haina hadhi."

Ikatumika picha iliyoletwa na ofisi ya mheshimiwa. Ilikuwa ya zamani, nywele bado nyeusi. Kakaa nyuma ya meza kubwa, kalamu mkononi, vitabu vimepangwa nyuma yake, bendera pembeni. Mnaijua hiyo picha. Hata kama hamkulisoma gazeti letu, mnaijua, kwa sababu wote wanayo. Vitabu ndiyo nguzo ya Rigaud, bendera ndiyo pazia jekundu, kalamu ndiyo fimbo ya enzi. Miaka zaidi ya 300 imepita na joho ni lile lile.

Neno la mhariri halikunitoka. Haina hadhi. Kwa sababu picha yangu ilikuwa na kitu kingine, ilikuwa na tabia ya mtu. Na nikaanza kujiuliza kama hivyo viwili, hadhi na tabia, haviwezi kukaa kwenye fremu moja. Kwamba ukitaka kumwonyesha mkubwa kuwa ni mkubwa, ni lazima umfiche alivyo?

Jibu nililipata kwa Mhispania mmoja. Diego Velázquez aliajiriwa na mfalme Philip wa Nne mwaka 1623 akiwa na miaka 24, akamtumikia hadi alipokufa mwaka 1660. Miaka 37 ya kumchora bwana mmoja! Na mkizitazama picha hizo mtashangaa jinsi zilivyo kavu. Mfalme wa himaya iliyotapakaa kutoka Ulaya hadi Amerika kavaa nguo nyeusi. Hana taji. Ukuta wa nyuma ni mtupu. Labda kuna meza, labda kaishika karatasi mkononi, kama karani vile. Basi. Katika kasri la Madrid huo ndio ulikuwa utaratibu: aliye juu kabisa hana haja ya kujieleza. Anayehangaika na taji ni yule anayeogopa kwamba hamtamtambua.

Kwa hiyo hadhi ipo, tena kubwa. Lakini kwa kuwa vitu ni vichache, jicho lako halina pa kukimbilia ila usoni. Na uso Velázquez hakuupaka sukari. Miaka ilivyokwenda, taya refu la ukoo likazidi kuning'inia, macho yakazidi kuwa mazito. Philip alizika mke, akamzika mwanawe aliyekuwa mrithi, akapoteza vita. Picha yake ya mwishoni, kichwa na mabega tu, nayo iko National Gallery, si mbali na yule farasi. Ni mzee aliyechoka anayekutazama bila kukuomba chochote. Mwaka 1653 Philip aliandika katika barua kwamba kwa miaka tisa hakuwa amechorwa, na sababu mojawapo ni kwamba hakupenda kuona jinsi anavyozeeka. Someni tena hapo. Mfalme anaogopa kioo kilichoshikwa na mwajiriwa wake. Lakini hakumfukuza. Na baadaye akarudi kukaa mbele ya brashi ile ile.

Na msidhani Velázquez alikuwa mwanaharakati. Hapana. Alitafuta vyeo kama mtu mwingine yeyote, akapewa usimamizi wa malazi ya kasri, akahangaika miaka mingi hadi akapata heshima ya kuvaa msalaba wa Santiago mwaka 1659. Waswahili wanasema mtumikie kafiri upate mradi wako. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuandaa sehemu ya Uhispania pale mpakani na Ufaransa, ambapo binti wa Philip alikabidhiwa kwa mumewe. Mume mwenyewe nani? Louis wa 14, akiwa bado kijana wa ile miguu ya dansi. Velázquez alirudi Madrid akaugua, akafa mwezi Agosti 1660. Alikula meza ya mfalme hadi tonge la mwisho, na bado hakumdanganya usoni.

Lakini sababu hasa ya kuandika haya yote si Philip. Ni mtu mwingine.

Katika picha nyingi za wakubwa wa enzi hizo kuna mtu ambaye jicho linamruka. Mfano mzuri uko National Portrait Gallery, London. Mwaka 1682 Pierre Mignard alimchora Louise de Kéroualle, mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa kipenzi cha Charles wa Pili, mtoto wa yule aliyekatwa kichwa. Bibie kakaa, kang'aa, na mkono wake umelala begani mwa mtoto wa kike Mwafrika. Mtoto amevaa lulu shingoni na anampelekea bibie lulu nyingine ndani ya kombe, na tawi la marijani. Kwa nini yupo? Kwa sababu ile ile ya pazia na nguzo. Ngozi yake nyeusi imewekwa ili ngozi ya bibie ionekane nyeupe zaidi, na uwepo wake unasema: tuna mikono inayofika mbali, baharini na ng'ambo ya bahari. Jina la bibie tunalo pamoja na vyeo vyake vyote. Mtoto hana jina. Mtu amegeuzwa fimbo ya enzi.

Kila nikiiona picha hiyo nakosa raha, na sitaki mniambie ndivyo mambo yalivyokuwa zamani. Kwa sababu miaka 32 kabla yake, Velázquez alikwisha kuonyesha kwamba iliwezekana kufanya vingine.

Alikuwa na msaidizi katika karakana yake, Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika aliyezaliwa Antequera, kusini mwa Uhispania. Msaidizi ni neno la adabu. Alikuwa mtumwa wake. Mwaka 1650 wakiwa Roma, ambako Velázquez alikwenda kumnunulia mfalme kazi za sanaa na ambako alimchora Papa Innocent wa Kumi, alimchora na Pareja. Nusu mwili. Nguo za kijivu, kola nyeupe pana, mkono mmoja umekatiza mbele ya kifua, mabega yamegeuka kidogo, kichwa kiko juu, macho yanakutazama moja kwa moja. Nyuma ni ukuta mtupu.

Mnauona ujanja? Ndio mkao ule ule wa wakubwa. Ndio ule ule ukuta mtupu wa Philip, unaosema huyu hahitaji kuelezwa. Velázquez alichukua vifaa vyote alivyovitumia miaka 27 kumjengea mfalme hadhi, akamvalisha mtu ambaye kisheria alikuwa mali yake. Na vikamkaa! Tarehe 19 Machi 1650 picha ikaonyeshwa hadharani pale Pantheon. Mwandishi wa maisha ya Velázquez anasimulia kwamba wachoraji waliokuwepo walikubaliana kuwa kazi nyingine zote ni uchoraji, hii peke yake ndiyo ukweli. Mwaka 1970 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2, picha ya kwanza duniani kuvuka milioni moja mnadani, na sasa iko Metropolitan Museum, New York.

Kama hadhi inaweza kuhamishwa kutoka kwa mfalme kwenda kwa mtumwa kwa rangi na brashi tu, basi haikuwa ya mfalme tangu mwanzo. Ilikuwa nguo, kama Thackeray alivyokuja kutania baadaye. Lakini yale macho ya Pareja si nguo. Yale hayakuazimwa kwa mtu.

Ningependa kuishia hapo, tupige makofi twende zetu. Lakini ukweli una mkia. Siku Pareja alipotazamwa na Roma nzima kwa heshima namna ile, alirudi nyumbani akiwa bado mtumwa. Picha haikumwacha huru. Kilichomwacha huru ni hati ambayo Velázquez aliiweka saini tarehe 23 Novemba mwaka huo huo, miezi minane baadaye, tena kwa sharti kwamba aendelee kumtumikia miaka minne mingine. Aliyeweza kumwona mtu kwa undani kiasi kile, alihitaji miezi minane na sharti juu yake ili kutenda alichokiona. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu linatuhusu sisi ambao kazi yetu ni kuona na kuonyesha. Unaweza kumwandikia mtu makala nzuri ya kuliza watu, na kesho yake kisima chake bado kikavu.

Pareja mwenyewe aliendelea kuchora. Mwaka 1661, akiwa huru na Velázquez ameshakufa, alichora picha kubwa ya Yesu akimwita Mathayo mtoza ushuru, iko Prado, Madrid. Ukingoni kabisa upande wa kushoto kajichora mwenyewe, kasimama wima. Hakujivika joho wala hakushika fimbo. Ameshika karatasi, kama vile Philip alivyoishika karatasi yake katika zile picha za ujana. Kwenye karatasi ya Pareja kuna maandishi. Ni jina lake.

Nawatakia juma jema.